Usiwasalimie Waliokaa Benchi

Kitu cha kwanza alichokiona Sekela ni maji ya ndoo. Kila asubuhi aliweka ndoo yake ya kudekia kando ya kabati la kompyuta, na kila asubuhi maji yalitetemeka. Yalifanya pete ndogo ndogo zilizoanzia katikati na kwenda kufia kwenye plastiki, kwa sababu ndani ya kabati kulikuwa na diski iliyozunguka mchana kutwa, na sakafu ya mbao iliubeba mtetemo wake hadi kwenye ndoo. Jumatatu ya pili ya Aprili, yapata saa nne, pete zilikoma. Maji yakatulia kama maji ya kisima. Sekela akakamua tambara, akaendelea kudeki.

Ofisi ya Kumbukumbu za Mashamba ilikuwa Msasani, mjini Tukuyu, kwenye nyumba ambayo zamani ilikuwa stoo ya kahawa. Harufu ya kahawa bado ilitoka kwenye mbao mvua ikizidi, na mvua ilizidi karibu kila siku. Ndani kulikuwa na chumba cha bosi, Bwana Edward, chenye dirisha la kioo lililotazama ukumbini. Kulikuwa na meza ya Felista, karani. Kulikuwa na kabati la kompyuta. Na katikati ya mlango wa bosi na kabati hilo, kwenye ukuta mmoja mrefu, kulikuwa na benchi la watu kumi na mmoja.

Diski ilikuwa na michoro ya mashamba yote kuanzia Ikuti hadi Kiwira. Benchi lilikuwa na wenye mashamba.

Walifika saa mbili, wakakunja miamvuli yao, wakasalimiana mmoja mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye kabati, wakakaa. Karibu na mlango wa bosi alikaa Mzee Ulimboka, ambaye alikuwa ameanza kuja tangu meno yake ya mbele yakiwa bado yapo. Wa tisa kuanzia kwake, pale karibu na kabati penye joto kidogo, alikaa mwanamke mmoja wa Ikuti mwenye sweta la bluu lililoshonwa kiwiko kwa uzi mweupe. Jina lake Atupokile. Alikuwa akija tangu Novemba.

Atupokile alikuwa mama yake Sekela. Pale ofisini hilo hakulijua mtu.

Sekela alipoajiriwa, zaidi ya mwaka mmoja kabla, Bwana Edward alimwambia jambo moja tu. Alisema mwenye ndugu kwenye benchi hafanyi kazi hapa, maana ndugu huanza kwa kuomba maji ya kunywa na humalizia kwa kuomba faili. Wakati huo Sekela hakuwa na ndugu kwenye benchi. Novemba akawa naye. Usiku wa kuamkia siku ile ya kwanza mama yake alimwambia huku akimenya ndizi, "Kesho nakuja huko kwenu. Mimi hunijui. Ukinisalimia tu, wewe huna kazi na mimi sina faili." Sekela akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameacha shule darasa la tano, mwaka aliofariki baba yake, na tangu hapo mambo mengi aliyaitikia kwa kichwa. Akizungumza, sauti yake ilitoka ndogo, na watu wakauliza, "Nini?" Mtu akishaulizwa hivyo mara nyingi hupunguza maneno.

Kwa hiyo kila siku, kwa miezi mitano, Sekela alipiga deki chini ya miguu ya mama yake bila kumsalimia. Mama yake aliinua miguu, akaishusha.

Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa na mistari tisa ya migomba, miparachichi miwili, na upande wa juu, mwisho kabisa, kaburi la baba. Jirani wa upande huo alilima chai na alikuwa na hati. Katika hati ya jirani, mpaka ulipita kati ya mgomba wa mwisho na kaburi, na kaburi likaangukia kwenye chai. Ijumaa ya wiki hiyo watu wa vipimo wangekwenda Ikuti kuweka mawe ya mipaka. Mwenye hati angewaonyesha hati, nao wangefuata hati. Asiye na hati angeonyeshwa mawe.

Jumatatu hiyo ndiyo siku aliyokuja Jackson, fundi wa kompyuta kutoka Mbeya. Bwana Edward ndiye aliyemwita. Alisema diski inavuma mchana kutwa na ule uvumaji unamwingia kichwani anapotaka kufikiri.

Jackson alifungua kabati, akaweka kiganja juu ya diski kama mtu anayempima mtoto homa.

"Inazunguka bure, mzee," akasema. "Hakuna anayeiuliza kitu. Mara ya mwisho kuulizwa ni wiki mbili zilizopita, na aliyeuliza ni mimi."

"Basi izime."

"Haizimwi, inalazwa. Kuna programu ndogo. Diski ikikaa dakika kumi haijaulizwa kitu, inalala yenyewe. Ukiiuliza, inaamka. Sekunde saba tu inachukua, kisha inakujibu."

Aliketi kwenye kiti cha Felista, akafungua kwenye kompyuta kioo cheusi kisicho na picha yoyote, akaanza kuandika. Sekela alikuwa akifuta vumbi juu ya kabati, kwa hiyo aliona. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kuleta programu. Maandishi meupe yakapanda haraka kama siafu, yakasimama. Mstari wa pili ulikuwa wa kuiambia muda. Jackson aliandika huku akijisemea: herufi i, nafasi, mia sita. Mia sita ni sekunde. Kabla ya hapo huwekwa herufi nyingine na jina la diski inayotakiwa kulala, ili amri isiwapate wengine. Felista, aliyekuwa amesimama akisubiri kiti chake, akauliza mbona karatasi ya maelekezo aliyokuja nayo fundi ina jina la diski na yeye fundi hakuliandika.

"Diski yenyewe iko moja," Jackson akasema. "Uko nyumbani na mtoto mmoja, ukitaka alale utamtaja jina? Unasema tu, lala."

Akabonyeza. Dakika kumi baadaye diski ikalala, pete za kwenye ndoo zikakoma, na benchi lote likalala.

Hawakukoroma. Walifumba macho wakiwa wameketi wima, mikono juu ya mapaja, miamvuli katikati ya magoti, na pumzi zao zikapungua hadi zikawa za kutosha tu. Mzee Ulimboka alikuwa akiuliza saa. Aliishia kwenye "saa ng". Sekela alipita na tambara. Alipofika kwa mama yake, miguu haikuinuka. Akadeki kuizunguka.

"Afadhali," alisema Felista. "Tangu asubuhi nimeulizwa choo kiko wapi mara nne, na wote wanakijua."

Siku hiyo hiyo ilifahamika namna ya kuwaamsha. Saa tisa na nusu, wakati wa kufunga, Felista alisimama mbele yao akasema, "Haya jamani, hamjambo?" Vifuani mwao kukasikika mlio mdogo, kama kitasa kinachofunguliwa. Sekunde saba zikapita. Wakafumbua macho wote pamoja, wakaitikia salamu, na kila mmoja akaendelea na swali lake kuanzia pale alipoliachia. "...api sasa?" akamalizia Mzee Ulimboka. Wengine tisa wakauliza mafaili yao. Felista aliwajibu mmoja mmoja kwamba bado, akachelewa kufunga kwa dakika arobaini, na njiani akakuta chapati zimekwisha.

Jumanne mambo yakawa magumu zaidi, kwa sababu ya salamu. Watu wa kule hawawezi kupita mbele ya mtu mzima bila kumsalimia, na hawawezi kumsalimia mmoja wakawaruka wengine. Ukimruka mtu ni kama umemwambia hayupo. Kila aliyeingia, hata aliyekuja kuuliza njia ya kwenda stendi, alianzia kwa Mzee Ulimboka akaenda hadi kwenye kabati. "Mugonile, tata. Mugonile, mama," yaani mmelalaje, baba, mmelalaje, mama. Benchi likaamka. Likauliza. Dakika kumi zikapita, likalala. Akaingia mwingine. Kufikia saa tano Mzee Ulimboka alikuwa ameamka mara tisa na kuuliza faili lake mara tisa, na Bwana Edward akatoka chumbani akiwa amejishika paji la uso.

Tangazo lilibandikwa juu ya benchi saa sita. Felista aliliandika kwa kalamu nene: USIWASALIMIE WALIOKAA BENCHI. Chini yake, kwa herufi ndogo, aliongeza kwamba jioni kila aliyelala atasalimiwa na ndugu yake atakayekuja kumchukua.

Kulala hakukuwasumbua watu. Tangazo liliwasumbua. Wengine waliona heri kukaa nje kwenye manyunyu kuliko kuingia na kupita kimya. Jumatano alifika Lazaro, mtu wa Kiwira, mwenye koti la mvua la njano, kuja kujaza nafasi iliyobaki kwenye benchi. Alisoma tangazo kwa sauti mara mbili.

"Yaani dada, nipite mbele ya watu wazima kumi, nikae, nikaushe tu kama mbuzi?"

"Mbuzi hupiga kelele, kaka," Felista akamjibu. "Wewe usifanye hata hivyo."

"Na hawa wamelala tangu lini?"

"Wewe unatafuta faili au unatafuta historia?"

Lazaro alivua kofia, akapita akiangalia ukuta wa pili, akaketi wa kumi na moja. Masikio yake yalikuwa ya moto kwa aibu. Dakika kumi baadaye akalala, kofia mkononi.

Jioni ndugu walikuja. Mkwe wa Mzee Ulimboka alipiga magoti, akamsalimia baba mkwe wake kwa sauti ya chini sana ili asimwamshe wa pili, akamshika mkono wakaondoka. Wengine walikuja na pikipiki. Mwanamke mmoja alikuja na mtoto mgongoni, akamwambia mtoto ndiye amsalimie babu, na mtoto akasema alilolijua, babu akaamka. Mmoja mmoja benchi likapungua. Hayo yalikuwa ya Jumatano, na yalikuwa hivyo hivyo Jumanne.

Tangu Jumanne, Atupokile hakuwa amechukuliwa.

"Huyu wa sweta la bluu ni wa nani?" Felista aliuliza Jumanne jioni, funguo zikiwa mkononi.

Sekela alikuwa akisuuza tambara. Alilisuuza mara ya pili.

"Wewe si unatoka huko Ikuti? Humjui?"

Sekela akatikisa kichwa. Kwa mwendo huo ilionekana hakusema uongo, maana hakusema kitu.

"Atakayemsalimia ndiye ndugu yake," Bwana Edward akasema akiwa anavaa koti. "Amchukue. Mtu hawezi kukosa ndugu." Wakafunga mlango.

Sekela alikwenda kwa miguu hadi chumba walichopanga na mama yake, akapika ndizi kidogo kwa kuwa alikuwa peke yake, na asubuhi akawahi kuliko siku zote. Mama yake alikuwa vilevile, wima, umande mdogo juu ya nywele, kwa sababu dirisha la ukumbini halifungi vizuri. Felista alikuwa tayari amefika na kuwasha jiko la maji. Sekela akachukua ufagio. Alipofika kwenye nafasi ya tisa alifagia polepole sana, akapangusa ule umande kwa ncha ya khanga yake kama anayefuta vumbi kwenye kabati. Felista hakuona ajabu, kwani kufuta vumbi ndiyo kazi yake.

Jumatano mchana rafu za chumba cha bosi zilijaa, na Bwana Edward akaona hakuna sababu ya kuacha mapaja ya watu kumi na mmoja yakae bure. Mafaili yakapangwa juu ya waliolala. Mzee Ulimboka alipewa matano, kwa kuheshimu umri wake. Atupokile alipewa kumi na mawili. Jioni ndugu walipokuja waliyahamishia kwa wa jirani kabla ya kusalimia, na Alhamisi asubuhi Sekela alimkuta mama yake ameshika mafaili hadi kidevuni. Sekela aliyasoma majina kwenye migongo yake moja moja, kwa kidole, midomo ikitembea. Jina la Atupokile halikuwepo.

Alhamisi hiyo ikawa siku tulivu kuliko zote tangu ofisi ilipofunguliwa. Benchi lililala. Diski ililala. Hakuna mgeni aliyeingia, maana habari za tangazo zilikuwa zimefika sokoni. Felista alikwenda msibani. Chumbani, Bwana Edward alikaa dakika kumi bila mtu kumuuliza kitu. Kisha akalala.

Sekela alimwona kupitia kioo. Alikuwa wima, kalamu mkononi, pumzi za kutosha tu. Alisimama mlangoni kitambo. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala hivyo wiki ile yote. Alidhani ni kwa sababu ufagio ukiwa mkononi unakuwa kama unaulizwa swali muda wote.

Akaingia kufuta meza, kwa kuwa ilikuwa saa ya kufuta meza. Alifuta simu, akafuta mhuri, akafuta kibao chenye jina la bosi. Akainua chupa ya chai ili afute chini yake, na chini yake kulikuwa na faili. Jalada lake lilikuwa limejaa pete za chai, moja juu ya nyingine, kubwa na ndogo, za kahawia iliyokolea na za kahawia iliyofifia. Sekela alizihesabu zile zilizoweza kuhesabika, zikafika arobaini na sita. Kisha akasoma jina kwa kidole. A, tu, po, ki, le.

Alifungua. Ndani kulikuwa na karatasi zote. Mchoro wa mistari tisa ulikuwepo, na alama ndogo ya msalaba upande wa juu ilikuwepo, ndani ya mstari wa mpaka. Mhuri wa kijiji ulikuwepo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nafasi tupu ya sahihi moja, na tarehe iliyochapwa pembeni yake ilikuwa ya Novemba.

Mhuri ulikuwa pale. Kalamu ilikuwa mkononi mwa bosi. Sekela hakujua kuandika sahihi ya mtu mwingine, na hata kama angejua, asingeifanya. Alichofanya ni hiki: aliifuta chupa ya chai, akaiweka pembeni dirishani. Aliliweka faili mbele ya Bwana Edward, wazi kwenye ukurasa wa mwisho, nafasi tupu ikiwa chini kabisa ya ncha ya kalamu. Alisogeza kidogo, ikalingana. Akarudi nyuma hatua tatu, akapiga goti.

"Shikamoo, bosi."

Kifuani mwa Bwana Edward kukasikika ule mlio. Sekunde saba zikapita.

"Marahaba," akasema. Alitazama saa ya ukutani kwa muda mrefu. "Nimekaa hapa tangu saa nne?"

Sekela akaitikia kwa kichwa.

"Na hakuna aliyeniuliza kitu?"

Akatikisa kichwa.

Bwana Edward akatazama mbele yake, akaona faili, akaona kalamu yake imegusa karatasi na kuacha nukta moja ya wino. Aliinua kalamu.

"Nani kaleta hili?"

"Nilikuwa nafuta meza."

"Nini?"

"Nafuta meza."

"Hili bado," akasema. Akalifunga. Alitazama huku na huku, akaiona chupa dirishani, akanyoosha mkono akaichukua, akamimina chai, akaishusha mahali pake. "Meza ikishafutwa, vitu vinarudi vilipokuwa. Mwambie Felista ampigie Jackson. Kesho hiyo programu itoke. Siwezi kulazwa na kitu nilichokinunua mwenyewe."

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa mbili gari la watu wa vipimo lilipita nje ya ofisi kuelekea Ikuti, mawe yakigongana nyuma chini ya turubai. Sekela alilisikia akiwa na ufagio. Alimtazama mama yake. Felista alikuwa mezani, bosi alikuwa nyuma ya dirisha lake la kioo, na tangazo lilikuwa juu. Kodi ya chumba, unga, sabuni, vyote vilitoka kwenye ufagio ule. Alijiambia Jackson akifika programu itatoka, wote wataamka wenyewe, na hakutakuwa na haja ya mtu kumsalimia mtu. Akafagia.

Jackson alifika saa tano, kwa sababu ya utelezi wa barabara. Alifungua kioo cheusi, akaandika mstari mmoja wa kuondoa. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, akajibu ndiyo. Maandishi meupe yakapanda, yakasimama. Ndani ya kabati diski ikaanza kuvuma, na kwenye ndoo ya Sekela pete zikarudi, ndogo ndogo, moja baada ya nyingine.

Benchi halikuamka.

Jackson alisimama mbele ya Mzee Ulimboka, akapunga mkono mbele ya uso wake. Akarudi kwenye kioo, akasoma.

"Programu imetoka," akasema. "Ila mipangilio imebaki. Kuondoa ni amri moja, kufuta hadi mipangilio ni amri nyingine. Kwa kawaida mipangilio ikibaki peke yake haifanyi kitu." Alitazama benchi. "Hapa inafanya."

"Na mimi?" akauliza Bwana Edward.

"Wewe naweza kukuandika jina kwenye mipangilio, kwamba usilale."

"Niandike."

Jackson akaandika E, d, w, a, r, d. "Na hawa, nifute kabisa? Ni mstari mmoja tu."

Bwana Edward alitazama ukumbi. Ulikuwa kimya. Mafaili yalikuwa yamepangika vizuri kuliko yalivyowahi kupangika kwenye rafu.

"Acha tu hivyo," akasema. "Yanayofanya kazi hayaguswi."

Jackson akafunga mkoba wake, lakini mvua ilizidi, akabaki kusubiri, Felista akampa chai. Saa saba kasoro robo simu ya Felista ikalia. Alisikiliza, akasema haya, haya, poleni na matope, akakata.

"Ikuti wamemaliza," akamwambia bosi kupitia mlango. "Mawe yote yameshawekwa."

"Kuna aliyegoma?"

"Hakuna. Kuna sehemu moja tu mwenyewe hakuwepo. Wakafuata hati ya jirani."

Sekela aliweka tambara kwenye ndoo. Alijifuta mikono kwenye khanga hadi ikakauka. Kisha akatembea hadi mwisho wa benchi, mlangoni kwa bosi, kwa sababu salamu huanzia hapo na haimruki mtu. Akapiga goti mbele ya Mzee Ulimboka.

"Mugonile, tata."

Mlio, sekunde saba. "Ndaga, mwanangu," akasema Mzee Ulimboka. "Faili langu?"

"Sijui, tata."

Akaenda kwa wa pili, akapiga goti. Akaenda kwa wa tatu. Felista akasema, "Sekela, hujui kusoma?" Sekela alijua kusoma, hata kama ni kwa kidole. Akaenda kwa wa nne. Kila mmoja aliamka, akaitikia, akauliza lake, na Sekela akajibu kwamba hajui, kwa sauti ambayo wengine walilazimika kuinamisha vichwa kuisikia. Kwa miezi kumi na sita ya kazi hakuwa ametoa maneno mengi kiasi hicho. Alipofika wa saba magoti yake yalikuwa yamelowa. Bwana Edward alikuwa ametoka chumbani na kikombe chake. Jackson alisimama, akakaa tena. Sekela akafika wa nane, akamsalimia, akajibu kwamba hajui.

Wa tisa alikuwa na mafaili hadi kidevuni.

"Mugonile, mama."

Sekunde saba za mama yake zilikuwa kama za wengine. Atupokile alifumbua macho. Aliona binti yake amepiga goti mbele yake mchana, ofisini, watu wakitazama.

"Ndaga," akasema polepole. "Leo ni lini?"

"Ijumaa."

"Saa ngapi?"

"Saa saba."

Atupokile hakuuliza faili lake. Aliyatazama yaliyo mapajani mwake, akayasogeza ili yasianguke.

"Sekela," Bwana Edward akasema, "huyu ni nani wako?"

Kabla Sekela hajainua kichwa, mama yake akajibu. "Simfahamu binti huyu, baba. Ni mfagizi wenu. Kanisalimia tu kwa adabu, hawa watoto wa huku wamefundishwa vizuri."

Bwana Edward alikubali kwa kichwa. Lilikuwa jibu linalotosha. Alirudi mezani kwake kuongeza chai, na kupitia mlango ulioachwa wazi wote waliona chupa ikiinuka juu ya faili, ikamimina, ikashuka palepale. Felista akasema haya, deki haijaisha. Kwenye benchi, Mzee Ulimboka na wengine saba walikuwa wamebakiwa na dakika chache kabla ya kulala tena. Lazaro wa Kiwira alikuwa bado hajafikiwa, na kofia yake ilikuwa mkononi.

Sekela alisimama.

"Ni mama yangu," akasema.

"Nini?" akauliza Bwana Edward kutoka ndani.

"Huyu ni mama yangu. Anaitwa Atupokile. Faili lake liko chini ya hiyo chupa tangu Novemba, na mimi nimempita hapa kila siku kama simjui."